Nilivyozuru mashamba ya mvinyo Lanzarote, mimi nisiyekunywa

Baba hakuamini. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, simu nimeielekeza bondeni, naye yuko nyumbani Mpunguzi, Dodoma, chini ya mwembe wake anakodolea kioo.

"Shamba liko wapi? Naona mashimo tu."

"Baba, hayo mashimo ndiyo shamba. Kila shimo lina mzabibu mmoja."

Akanyamaza kidogo. "Mama, wamekudanganya. Hapo ni machimbo ya kokoto."

Simlaumu. La Geria, bonde la zabibu katika kisiwa cha Lanzarote, Hispania, ni nchi nyeusi tii kama tanuri la mkaa lililozimwa. Hakuna nguzo wala waya, na mpira wa maji hauonekani popote. Kuna maelfu ya mashimo ya mviringo, mengine yana kina cha kumzidi mtu mzima, na chini kabisa ya kila moja mzabibu umetambaa, kijani kibichi kinachouma macho. Kwenye mdomo wa shimo, upande unakotoka upepo, pamejengwa kiukuta cha mawe cha nusu duara, mawe yamepangwa bila udongo wala saruji.

Nimefikaje huko? Mimi ni mhudumu wa wazee Ujerumani. Nyumbani Dodoma tuna ekari moja na nusu ya zabibu, na ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye vichala vile. Mvinyo wenyewe sijawahi kunywa, baba na mama pia hawanywi. Kanisani kwetu pombe hairuhusiwi. Wenzangu kazini hucheka wakisikia, lakini Dodoma familia za namna hii zipo nyingi: zabibu ni zetu, mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, ni wa kiwanda. Kisha ukaja msimu ambao mnunuzi wetu alichelewa majuma mawili na zabibu zikachacha ndani ya kreti. Baba akanipigia kusema anang'oa yote apande alizeti. Nilimwomba asubiri. Nilikuwa nimesikia kuna kisiwa kinapata kama milimita 150 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma tunapata zaidi ya mara tatu ya hizo na bado tunalia, na watu wa huko wanaishi kwa zabibu. Likizo yangu ilikuwa mwishoni mwa Julai. Nikakata tiketi ya bei ya chini.

Niliandikia viwanda vitatu vya mvinyo vya huko nikiwa bado Ujerumani. Niliandika wazi kwamba mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu Tanzania, sinywi, nataka kuona shamba. Viwili vilinirudishia orodha ya bei za kuonja, kana kwamba hawakusoma. Cha tatu kikasema njoo saa mbili asubuhi, kabla ya watalii. Ukitaka kuiga safari yangu bila kukodi gari, panda basi la kutoka Arrecife kwenda Playa Blanca, shuka Uga, kijiji wanakofuga ngamia wanaopakia watalii, kisha tembea kwa mguu kufuata barabara ya LZ-30. Njia ya waenda kwa miguu hakuna, magari yanakupita karibu na bega. Beba lita mbili za maji na uwe umefika kabla jua halijapanda.

Mwongozaji wa kile kiwanda cha tatu alikuwa na Kijerumani cha kutosha, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkalimani kati yangu na mzee mmoja mwenye reki. Nilipoinua mguu nishuke shimoni, mzee akapiga ukelele. Watalii hawaruhusiwi kushuka: ukikanyaga ukingo, changarawe inaporomoka na kufukia shina, kisha mtu akeshe kuipandisha kwa reki. Yeye alishuka kwa kupita kipembeni anakokujua, akaniita nipige magoti kwenye mdomo wa shimo. "Weka mkono."

Juu changarawe ilikuwa inaunguza. Ni vijiwe vyepesi vyenye matundu kama sifongo, wenyeji huviita rofe au picón. Nikasukuma vidole ndani. Kufikia kifundo cha mkono pakawa na ubaridi, na nilipouchomoa mkono ncha za vidole zilikuwa na unyevu. Mvua haijanyesha tangu miezi kadhaa iliyopita! Mzee akaeleza kwa ishara zaidi kuliko maneno: maji yakinyesha yanapenya mpaka kwenye udongo ulio chini, unyevu wa usiku nao unanaswa humo, na jua haliwezi kuyavuta tena kwa sababu ile changarawe ni kama blanketi. Kale kaukuta kanazuia pepo zivumazo kutoka kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima.

Lakini hawakuanza kwa akili hiyo. Walilazimishwa. Septemba 1730 ardhi ilipasuka upande wa Timanfaya na milipuko ya volkano ikaendelea hadi 1736. Padri wa kijiji cha Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika jinsi vijiji vilivyomezwa kimoja baada ya kingine. Karibu robo ya kisiwa ilifunikwa, mashamba ya nafaka yakiwemo. Waliobaki walichimba kuutafuta udongo wao wa zamani chini ya majivu, wakapanda humo humo. Baba nilipomsimulia hilo alikaa kimya, halafu akasema, "Yaani mlima umewafukia, na wao wakaufukua." Tangu hapo hakutaja tena machimbo ya kokoto.

Kuvuna ni kwa mkono, kreti begani, unapanda nalo kutoka shimoni. Mashine haina pa kupita. Kwa hiyo hekta moja inatoa zabibu chache sana na chupa inakuwa ghali.

Baadaye ilikuja zamu ya meza ya kuonjea, sehemu niliyoiogopa. Glasi nne ziliwekwa mbele yangu, ya kwanza ikiwa ya malvasía, zabibu nyeupe inayokipa kisiwa sifa. Nikamwambia mwongozaji tena kwamba sinywi. Hakushangaa hata kidogo. Alinisogezea ndoo ndogo ya kutemea, akasema hata wataalamu wenyewe hutema. Sikutia mdomoni, nilinusa tu. Nilipata harufu ya ganda la limau na kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Baba alipouliza inanukiaje nilimwambia: kama uwanja wetu siku mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Akaelewa.

Nilipokuwa natoka, mabasi ya watalii yalikuwa yameshajipanga. Wanapiga picha mashimo, wanaonja, wanabeba chupa wenyewe mpaka kwenye gari. Wivu ulinishika, sifichi. Sisi tunamsubiri mtu mmoja mwenye lori na bei yake mfukoni, ilhali kwenye mashamba ya zabibu ya Makutupora na Hombolo, hapo hapo Dodoma, hakuna anayepita hata kuuliza njia, na siku hizi treni ya umeme inashusha watu wa Dar Dodoma kila siku.

Mashimo hatukuchimba. Baba ndiye aliyeona nisichokiona: mvua yetu ya Januari haidondoki, inamwagwa, shimo lingekuwa bwawa na mizizi ingeoza. Tulichochukua ni lile blanketi. Miaka ya nyuma alishajaribu kutandaza mabua ya mahindi, mchwa wakala mabua kisha wakahamia kwenye shina. Changarawe mchwa hawaili. Akasomba ya korongoni kwa mkokoteni, akaitandaza kwenye mizabibu kumi ya pembeni, unene wa shubiri moja, akaacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Siyo ile ya matundu ya kule, ni ya mto wa kawaida. Jirani alipopita akauliza, "Mzee, mnamzika nani?"

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mizabibu hiyo kumi iliruka zamu moja ya maji kati ya mbili bila kunyauka majani. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani na zabibu, uko vilevile, salfa tunapiga kama zamani. Kama zabibu zimeongezeka utamu hatujui, maana hatuna kipimo. Baba anaonja, anasema "hizi za mawe," basi.

Safu ya pili inangoja lori la changarawe. Mwenye lori ametaja bei, baba ametaja yake, na mpaka jana jioni walikuwa bado wanavutana.