Anko wa Bajaji

Ukikulia Dodoma, kuna utani utakaokufuata kila mkoa. Ukitaja tu kwenu, mtu anakuuliza umetoroka lini Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu 1927, na utani wenyewe nadhani ni wa rika lake. Kwa hiyo tangazo la shindano la filamu fupi za vijana kuhusu afya ya akili lilipobandikwa chuoni, washindi watangazwe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wengine tuliona hili ni la nyumbani.

Masharti: filamu isizidi dakika tatu, itaje mahali pa kupata msaada, na isionyeshe namna mtu anavyojiua. Kamba hapana, sumu hapana, hata kuashiria hapana, asije mtu mwenye mawazo hayo akajifunzia hapo. Sharti hilo lilifuta nusu ya skripti za wenzetu, maana filamu zetu, mniwie radhi, hazijui kumaliza huzuni bila matanga. Mwenzetu wa sheria naye akang'ang'ania kiingie kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, watazamaji waelewe kwa nini watu hawasemi. Tulimwambia dakika tatu hazibebi kifungu. Akanuna.

Kisa chetu kilikuwa cha dereva wa bajaji mwenye sonona. Mwigizaji tulimpata bure: mjomba wa mmoja wetu, dereva kweli, tuliyemwita sote Anko.

Septemba upepo wa Dodoma hauna adabu. Maiki tuliivisha soksi, na bado kilichosikika ni mvumo na vumbi. Mazungumzo yote tukayarekodi upya hosteli, tumejifunika blanketi. Lakini upepo haukuwa kitu mbele ya Anko.

"Anko, hapa unainama, unashika kichwa, halafu machozi."

"Nani kawaambia mtu akilemewa anashika kichwa?"

"Ndivyo ilivyo kwenye skripti, Anko."

Akazima bajaji. "Sikilizeni, wanangu. Mama watoto alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nachekesha kijiwe kizima. Watu walikuwa wanaacha abiria waje kunisikiliza. Nyumbani sili, silali. Naoga kwa sababu ya abiria tu. Nani alijua?"

Mpwa wake mwenyewe alikuwa amesimama pale na simu ya kurekodia mkononi. Hakuwa anajua.

Skripti tukaitupa. Anko akapiga soga zake halisi: trafiki, wakwe, bei ya mbuzi Bunge likianza. Abiria wetu walicheka bila kuelekezwa, picha ikawa inatikisika. Kisha abiria wa mwisho anashuka, anatoa noti, anasubiri. "Anko, chenji yangu." Anko ameshika usukani, injini inanguruma, hasikii. "Anko!" Hasikii. Tuliiacha ndefu kuliko tulivyothubutu kupanga. Halafu dereva mwenzake anakuja, anakaa kiti cha abiria na kusema: "Nipeleke Mirembe. Tunaingia wote." Sharti la mahali pa msaada likatimia hapohapo, bila maandishi wala muziki wa kinanda.

Siku ya majaji Anko alikuja na shati lililopigwa pasi. Jaji mmoja akauliza mbona mhusika mwenye sonona anacheka karibu filamu nzima. Haoni kama tunapotosha? Msemaji wetu akaanza kuorodhesha dalili kama yupo kwenye mtihani. Anko akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mheshimiwa, anayelia mtamwona wenyewe. Huyo hahitaji filamu."

Ukumbi ulicheka, jaji akaandika kitu. Hatukushinda. Iliyoshinda ilikuwa na mtu mwenye nguo zilizochanika akichakura jalala, tena anafoka peke yake. Sauti yao ilikuwa safi kuliko yetu, hilo nakubali. Mengine sijakubali mpaka leo. Sisi tulipewa vyeti vya ushiriki na fulana za kijani, rangi ya siku hiyo, na pilau ambalo halikuwa na nyama ya kutosha.

Anko aliitaka filamu kwenye simu yake, akaitupia kwenye grupu la kijiwe. Alituonyesha majibu jioni hiyo. Mjadala mkubwa ulikuwa wa nauli: kutoka Sabasaba mpaka Mirembe ni shilingi ngapi, na kwa nini yule mwenzake hakulipa. Katikati ya ubishi mmoja akauliza kama pale unatakiwa barua ya rufaa au mtu unaingia tu. Hakuna aliyemjibu kwenye grupu. Anko alikuwa ameshampigia. Wengine wakaendelea na nauli.