Nilivyoziweka sawa aikoni zangu za profaili mpaka nikachora ya bibo

Mimi napenda sana aikoni, yaani zile picha ndogo mtu anazoweka kwenye profaili yake, za katuni, za paka, za maua, za pikseli, yaani zilizochorwa kwa vile viboksi vidogo vinavyounda picha, nikikuta nzuri lazima niichukue. Zilikuwa zinakaa humohumo kwenye galari na picha za harusi na skrinishoti za miamala, ukitaka moja unatelezesha kidole mpaka unachoka, na nyingine zishafifia kwa kutumwatumwa. Sasa hivi ukiniambia nitafutie ya kasa naitoa hapohapo na iko klia, na kwa vile watu wananiuliza sana hapa Mtwara naeleza nilivyofanya.

Nilianza na kuchuja. Picha naishusha mpaka iwe saizi ya ukucha halafu simu naishika mbali kidogo, kama bado naona kabisa hiki ni kichwa cha paka inabaki, kama imekuwa doa tu naifuta hata iwe inapendeza vipi ikiwa kubwa. Hapo zilipukutika nyingi, hasa zenye maneno maana herufi zikishafinywa hazisomeki. Zilizofaulu zaidi ni za zamani, za enzi za LiveJournal, ule mtandao wa blogu, kule aikoni ilikuwa mwisho pikseli 100 kwa 100 na faili lisizidi kilobaiti 40, kwa hiyo mtengenezaji hakuwa na nafasi ya kupoteza, kila pikseli aliyoweka ina kazi yake. Kwangu mimi zile bado hazijapata mpinzani.

Halafu kutunza. Sipigi skrinishoti, nachukua faili lenyewe, na nikimtumia mtu kwa WhatsApp natuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na mistari inaanza kuchafuka. Zenye rangi bapa nazisevu kwa aina ya faili inayoitwa PNG, maana aina nyingine, JPEG, inaacha vumbivumbi pembeni ya mistari na kila ukiisevu upya linazidi. Za pikseli ukitaka kuzikuza kuza kwa mara kamili, 100 iwe 200 au 400, na ule ulainishaji wa programu uuzime, la sivyo vile viboksi vinayeyuka na uzuri wote unaondoka. Pia kumbuka profaili siku hizi ni duara, kona zote nne zinaliwa, kwa hiyo masikio ya paka lazima yasogee katikati, mimi naongeza ukingo wa rangi ileile ya nyuma ndo naiweka.

Na jina la mtengenezaji nikilijua linakaa kwenye jina la faili. Hilo nalishikilia sana, mtu kakaa anapanga pikseli mojamoja halafu kazi yake izunguke haina mwenyewe, hapana. Aliyeandika kwamba hataki isambazwe, yake siigawi.

Sasa kwenye kupanga mafolda ndo nikaona nina paka, nina mbwa, nina keki, vitu vya kusini kwetu havipo kabisa. Iliniuma. Niliwahi kusoma kwamba Susan Kare, yule mama aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh ya 1984, alichora kwenye karatasi ya viboksi, 32 kwa 32, nikasema basi daftari la hesabu ninalo. Nikaanza na bibo, lile tunda la mkorosho. Jekundu, linabeba korosho yake chini, umbo ambalo mtu wa Mtwara hawezi kulikosea, lakini kwenye viboksi 32 korosho ikawa kijinukta tu na mdogo wangu akauliza, "Dada, hiyo ni pilipili hoho?" Nikaikuza korosho kuliko ilivyo kweli, nikaipinda vizuri, nikaipa kijivu cha kukolea ili iachane na ule wekundu, nikamrudishia bila kusema kitu. "Ahaa, bibo!" Nilifurahi hapo jamani, maana kumbe kwenye aikoni usahihi wa vipimo hausaidii, kinachosaidia ni kukuza kile kinachokitambulisha kitu.

Ya pili ikawa ya binamu yangu wa Lindi, alitaka yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru kulekule Lindi, ambaye mifupa yake ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13 na ushee. Mnyama mzima hakai kwenye viboksi 32, nikachukua shingo na kichwa tu vinachungulia kutoka chini, na ndo profaili yake mpaka leo.

Sasa hivi nipo kwenye jahazi. Tanga jeupe kwenye profaili yenye nyuma nyeupe linapotea, nimeijaza bluu nzito nyuma yake na tanga limetoka, bado kamba tu, pikseli moja ni nyembamba mno na mbili zinakuwa kama mlingoti.