Vituo vya daladala: sifa za XML zilivyonitupia kituo baharini

Jumamosi

Nimemaliza kutembea njia nzima, Buguruni hadi Tandika, simu mkononi. Kila penye kituo nilisimama, nikabonyeza, nikaandika jina wanaloliita makondakta wenyewe. Vituo 23. Simu imenitolea faili la GPX (faili la kuhifadhi mahali kwenye ramani), ambalo kwa ndani ni XML, yaani maandishi yanayopanga taarifa ndani ya alama. Kituo kimoja kinasomeka hivi:

<wpt lat="-6.8345" lon="39.2508"><name>Sheli</name></wpt>

Jina lina elementi yake, yaani kijisanduku chake chenye alama ya kufungua na ya kufunga, lakini mahali kituo kilipo pamewekwa kwenye sifa mbili zilizo ndani ya alama ya kufungua, lat (latitudo) na lon (longitudo). Ninachotaka ni ukurasa wa wavuti ambao mtu anaona vituo kwenye ramani, anasogeza kilichokaa vibaya, kisha anahifadhi faili. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kusoma sifa kwa getAttribute na kuziandika upya kwa setAttribute. DOMParser, kisomaji cha XML kilichomo kwenye kivinjari, ameshanifungulia faili, na querySelectorAll("wpt") imenirudishia vyote 23.

Jumanne

Vituo 22 vimekaa barabarani. Cha 23 hakionekani. Nimeisogeza ramani mbali, mbali zaidi, hadi nikakikuta katikati ya bahari ya Atlantiki, kusini mwa Ghana.

Kituo hicho nilikiongeza mwenyewe kwa mkono, nikiandika kwenye simu, na simu ikaweka herufi kubwa: Lon badala ya lon. Kwenye HTML hilo lisingekuwa tatizo, kivinjari hakijali kubwa wala ndogo katika majina ya sifa. XML inajali. Kwake Lon na lon ni sifa mbili tofauti kabisa, hivyo getAttribute("lon") ikanirudishia null, yaani hakuna kitu, na Number(null), yaani kuigeuza hiyo kuwa namba katika JavaScript, ni 0. Longitudo 0 na latitudo -6.8 ndiyo hiyo bahari.

Nimerekebisha jina la sifa, nikaacha Number na kuhamia parseFloat, kwa kuwa parseFloat ikipewa null inajibu NaN, yaani "si namba", na NaN naweza kuikamata. Nililala nikiamini nimefunga mlango.

Alhamisi usiku

Vituo vitano vimerekodiwa kusini kidogo ya pale abiria wanaposimama, kama mita 22. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo nilihitaji kuongeza 0.0002 tu. Nikaandika:

w.setAttribute("lat", w.getAttribute("lat") + 0.0002)

Nikabonyeza, hakuna kilichosogea. Nikabonyeza tena, kimya. Hakuna kosa lolote kwenye konsoli, pale kivinjari kinapoandika makosa. Saa mbili nzima nilikuwa nalaumu ramani, nikadhani inachora picha ya zamani. Mwishowe nikachapisha elementi yenyewe:

lat="-6.83450.00020.0002"

Thamani ya sifa ni maandishi siku zote, hata ikifanana na namba namna gani. Alama ya kujumlisha ikakuta maandishi upande mmoja, ikayaunga badala ya kuhesabu, na setAttribute ikapokea bila kuuliza. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba parseFloat, ile niliyoileta Jumanne iniokoe, ndiyo iliyoificha kasoro hii: inasoma hadi nukta ya pili, inaacha mengine yote, inarudisha -6.8345 safi kabisa. Number ingenipa NaN papo hapo.

Sasa nimeandika kifunksheni kimoja cha kusoma, na hakuna sehemu nyingine inayoruhusiwa kugusa getAttribute. Kwanza hasAttribute, kuona kama sifa ipo. Kisha nahakikisha thamani si tupu, maana Number("") nayo ni 0. Kisha Number, kisha Number.isFinite, kuona kama nimepata namba kweli. Wakati wa kuandika natumia toFixed(6), tarakimu sita baada ya nukta zinatosha hadi sentimita 11 hivi. Sanduku la kuandika namba kwa mkono nimeliondoa kabisa, watu watasogeza kwa kidole tu: mtu akisahau alama ya kutoa kwenye lat, Tandika nzima inahamia Ethiopia.

Jumapili

XMLSerializer, inayogeuza XML kuwa maandishi ya faili tena, imehifadhi vizuri, isipokuwa kituo kipya nilichokitengeneza kwa createElement kilitoka na xmlns="", yaani bila anwani inayokitambulisha kuwa ni cha GPX, na programu ya ramani kwenye simu haikukiona. Dawa yake ni createElementNS, nikiipa anwani ileile iliyoko juu ya faili, http://www.topografix.com/GPX/1/1. Sifa lat na lon hazihitaji hilo, setAttribute ya kawaida inazitosha.

Alasiri nimerudi barabarani na faili jipya. Pale Sheli nukta imeangukia chini ya mwarobaini, wanapojibanza abiria jua likiwa kali. Vituo vinne nimevihakiki kwa miguu. Kimoja, Msikitini, bado kiko upande wa pili wa barabara, nacho nitakisogeza kesho kabla ya kazini.