Saa tisa usiku, kando ya kitanda cha baba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Huu ni mwezi wa tatu tangu baba apate kiharusi. Upande wa kulia hauinuki. Usiku inabidi nimgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo, na wadogo zangu wako mbali.

Juzi saa tisa usiku nguvu ziliniisha kabisa. Nikakaa sakafuni nikalia. Hata kuomba sikuweza, nilitamka tu, "Yesu." Ndipo likanijia lile neno la Waefeso 3, pale Paulo, naye akiwa mfungwa, anapowaombea waamini wafanywe imara kwa Roho katika utu wa ndani, Kristo akae mioyoni mwao kwa imani. Akae! Si apite kusalimia. Miaka yote nilikuwa namwomba Bwana ashuke anisaidie, kumbe alishahamia humu zamani.

Mgongo ulikuwa bado unauma, na usingizi haukuniacha. Lakini niliinuka. Nikamgeuza baba taratibu, nikampaka mafuta. Akanishika kwa ule mkono wake wa kushoto, hakuniachia mpaka alipolala.