Chupa mbili, puto moja na daktari wa Mbale: kumbukumbu ya mradi wangu

Jioni ya kwanza

Mezani nina chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, puto, seti mbili za dripu zilizopitwa na muda, vali ndogo ya tangi la samaki, silikoni na rangi nyekundu ya chakula. Anayepita akichungulia atadhani nacheza. Natengeneza kichwa cha mtoto.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Sipasui mtu, natengeneza mashine za wanaopasua. Mwezi uliopita sista mmoja wa wodi ya watoto alinisimamisha koridoni. Ana mabango ya kueleza ugonjwa wa vichwa vikubwa, lakini analalamika kuwa picha haitembei, na ugonjwa wenyewe ni wa maji. Akina mama wanaambiwa mtoto atawekewa mpira kichwani, wanaitikia, wanasaini, kisha usiku wanaulizana mpira huo unakwenda kufanya nini. Anataka kitu ambacho maji yataonekana yakienda.

Siku hizohizo nilikuwa nasoma habari za Benjamin Warf, daktari bingwa Mmarekani wa upasuaji wa ubongo kwa watoto, ambaye mwaka 2000 alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, kufanya kazi kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Alikaa hadi 2006. Nikaona kazi mbili zinaweza kuwa moja. Hicho kichwa cha plastiki kiwe na koki na vizibo vinavyofuata hatua za daktari huyo, ili ukivifungua kimoja baada ya kingine uone alivyokuwa akifikiri.

Leo nimetoboa chupa tu. Msumari wa moto unafaa kuliko keekee. Keekee inapasua plastiki.

Siku ya tatu

Maji yanatembea! Nieleze nilivyopanga.

Dripu inaning'inia juu na kuingia kwenye chupa A. Chupa A ni vyumba vya ndani ya ubongo, mahali maji ya ubongo yanapotengenezwa. Kutoka A kuna mrija mwembamba kwenda chupa B, ambayo ni nafasi inayouzunguka ubongo kwa nje. Chupa B ina tundu dogo la kumwagia kwenye beseni, na hapo ndipo maji yanaponyonywa kurudi kwenye damu. Ubavuni mwa A nimekata dirisha na kuliziba kwa ngozi ya puto. Hilo ndilo fuvu la mtoto mchanga, ambalo mifupa yake haijaungana na hivyo bado linaweza kutanuka.

Mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 za maji haya kwa siku, yaani kama 20 kwa saa. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 6 au 7 kwa dakika. Nilipoweka koki kwenye kasi hiyo nilishangaa ilivyo ndogo. Ni matone ya kukupa usingizi. Kisha nikaziba ule mrija mwembamba kwa nta, nikaenda kula. Niliporudi puto lilikuwa limevimba kama shavu la mpiga tarumbeta.

Kumbe mafuriko hayahitajiki. Inatosha njia kuziba na bomba lisifungwe. (Nimeongeza kasi ya matone kwa ajili ya maonyesho. Hakuna mama atakayesubiri saa nzima.)

Siku ya sita: mpira

Leo nimeongeza shanti, ule mpira unaotoka kichwani, ukapita chini ya ngozi hadi tumboni, ukiwa na vali ya kuzuia maji yasitoke mno. Vali yangu ni ile ya tangi la samaki. Ilifanya kazi mara ya kwanza, puto likanywea, nikajisifu peke yangu jikoni.

Mafundi wenzangu wataipenda hii: vali ya shanti iliyoenea duniani miaka ya 1950 ilitengenezwa na fundi mitambo, John Holter wa Marekani, kwa sababu mwanawe alizaliwa na ugonjwa huu na vali za wakati huo hazikufaa. Alishirikiana na daktari wa upasuaji Eugene Spitz, na vali ikapewa majina yao wote wawili. Kila ninapoambiwa kuwa fundi hana la kuchangia kwenye tiba, humkumbuka Holter.

Halafu nikafanya kosa la makusudi. Maji ya mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo si masafi. Yana usaha na vipande vya tishu. Nikatia kijiko cha unga wa ngano kwenye dripu. Dakika kumi na moja, vali imeziba, puto limerudi kuvimba.

Hapa ndipo nilipomwelewa Warf kwa mikono badala ya macho. Hata katika nchi tajiri, takriban shanti 4 kati ya 10 za watoto huharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Huko mzazi anaona mtoto anatapika na kusinzia, anamkimbiza hospitali, na jioni hiyohiyo mpira unabadilishwa. Sasa mpeleke mtoto huyo kijijini, mwendo wa siku nzima kutoka kwa daktari pekee anayeweza kuufungua, nauli ilishaliwa na safari ya kwanza. Mpira uliomwokoa mwezi wa tatu unaweza kumuua mwezi wa tisa, naye daktari aliyeuweka asijue kamwe.

Sisi watu wa vifaa tunapoambiwa huduma haiwafikii watu, tunawaza majengo, mashine, jenereta. Warf alikuwa na jengo na mashine. Alichokiona ni kwamba upasuaji wenyewe ulibuniwa kwa mgonjwa anayeishi karibu na hospitali.

Alijaribu pia kupunguza gharama. Mwaka 2005 alichapisha utafiti wa watoto 195, akilinganisha shanti ya Chhabra kutoka India, ya dola 35, na shanti ya kampuni ya Codman ya dola 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya hizo mbili. Ningekuwa mimi ningeishia hapo na kujipongeza. Lakini shanti ya dola 35 nayo huziba.

Siku ya tisa

Silikoni imeachia. Meza imelowa, na rangi nyekundu haitoki kwenye kitambaa. Sina zaidi ya kuandika.

Siku ya kumi na mbili: mlango

Hatua nyingine ya Warf ni endoskopu. Badala ya kuyatoa maji kichwani kwa mpira, unaingiza kamera nyembamba hadi chumba cha tatu cha ubongo na kutoboa sakafu yake, maji yapite moja kwa moja kwenda nje ya ubongo. Wazo ni la zamani. Daktari William Mixter alilifanya Boston, Marekani, mwaka 1923. Halikushika mizizi kwa watoto wachanga kwa sababu kwao lilifeli mara nyingi.

Kwenye kichwa changu nimetoboa tundu pana kati ya A na B, nikaliziba kwa kizibo cha mpira chenye kamba. Ukivuta kamba, mlango umefunguka.

Nikavuta. Maji yakakimbilia B, puto likanywea. Nikashangilia. Baada ya dakika ishirini puto lilikuwa limevimba tena.

Nilihangaika usiku mzima kutafuta panapovuja, hadi nilipotazama chupa B. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ila tundu la kumwagia kwenye beseni ni dogo na unga ulishaanza kuliziba. Unaweza kufungua mlango wa sebule, lakini kama geti la nje halifunguki watu watabaki wamejazana uani. Kwa mtoto mchanga, hasa aliyeugua maambukizi, njia za kuyanyonya maji hazina nguvu za kutosha. Bila kukusudia nilikuwa nimetengeneza ile sababu ya kufeli.

Dawa ya Warf ilikuwa kuunganisha hatua mbili. Baada ya kutoboa sakafu, kamera hiyohiyo inapitishwa kwenye vyumba vya pembeni, kushoto na kulia, na kuunguza zile tishu laini zinazotengeneza maji. Yaani unafungua mlango na kupunguza bomba. Kwenye utafiti wake wa watoto 550, uliochapishwa 2005, kwa walio chini ya mwaka mmoja kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47; ukiongeza kuunguza, asilimia 66.

Nikakaza koki ya dripu hadi nusu. Puto likashuka taratibu, likasimama. Nimelipiga picha kama mtu aliyepiga picha mtoto wake anayetembea kwa mara ya kwanza.

Siku ya kumi na tano: sista anakagua

Alikuja na daftari. Amesifu mlango na koki, kisha akauliza swali lililonikwaza. "Nani aliziba ule mrija?"

Mimi niliziba, kwa nta. Alichotaka ni jibu la wodini, kwa sababu hilo ndilo swali la akina mama, na wengi wanalibeba kama aibu. Wapo walioambiwa kwao kuwa ni laana, au kuna kitu walikitazama wakiwa wajawazito.

Jibu nalo limo kwenye kazi ya Mbale. Warf alihesabu. Kati ya watoto 300 wa kwanza aliowaandika, chanzo kwa takriban asilimia 60 kilikuwa maambukizi, na kwa wengi wao yalitokea ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Kwenye vitabu alivyosomea, habari kubwa ni kasoro za kuzaliwa na watoto njiti wanaovuja damu kichwani. Kwa hiyo watoto hawa wengi walizaliwa na vichwa vya kawaida, wakapata homa, wakapona homa, kisha kichwa kikaanza kukua.

Kutoka hapo kazi ikatoka chumba cha upasuaji na kuingia maabara. Mtafiti Mmarekani Steven Schiff na wenzake walikuta hata mvua inahusika, kwamba idadi ya wagonjwa hupanda na kushuka kufuata misimu yake. Mwaka 2020 kikundi hicho kilichapisha kuwa kimekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus kwenye maji ya ubongo ya watoto wengi wa Uganda waliougua baada ya maambukizi. Ni mdudu ambaye vipimo vya kawaida vya kuotesha havikuwa vikimuonyesha. Napenda njia hiyo ilivyokwenda. Daktari wa upasuaji aliyetunza daftari vizuri ndiye aliyewafungulia watu wa bakteria.

Sista ameagiza niandike kwenye kibao kidogo, kwa herufi kubwa: HOMA YA MTOTO MCHANGA, USINGOJE. Nimekubali. Laana haikupata kibao.

Siku ya kumi na tisa

Mwenzangu wa karakana, ambaye hukataa kila kitu kwanza, amesema: "Sasa huo upasuaji wa kamera, ubongo unakua sawa na wa shanti, au mnafurahia tu kukosa mpira?" Swali zuri kuliko alivyokusudia. Ndilo lililojaribiwa Mbale kwa kura ya bahati nasibu: watoto 100 wa chini ya miezi sita, nusu kwa njia hii na nusu kwa ile, matokeo yakachapishwa Desemba 2017. Baada ya miezi 12 akili zao hazikuonyesha tofauti ya maana. Akasema basi hakuna aliyeshinda. Mimi nasema kama akili ziko sawa, basi yule asiye na mpira wa kuziba ameshinda, hasa kama anaishi mbali. Tumeachana hapo, kila mtu na spana yake.

Sitaki kumfanya Warf malaika. Alipewa tuzo kubwa ya Marekani iitwayo MacArthur mwaka 2012, na magazeti hupenda daktari mmoja aliyetoka mbali kuja kuokoa. Lakini alipoondoka 2006 hospitali haikufunga mlango. Upasuaji uliendelea mikononi mwa Waganda, John Mugamba akiwa mbele, na madaktari wa nchi nyingine wakawa wanakwenda Mbale kujifunza njia hiyo. Mimi hupima mashine ninayoikabidhi kwa swali moja tu, kama itawaka nikiwa likizo. Hiyo ya Mbale iliwaka.

Siku ya ishirini na mbili

Tumekipeleka wodini. Nimebadilisha silikoni, nimeweka trei pana chini, na kamba ya kizibo sasa ni uzi wa kuvulia samaki kwa sababu ile ya kwanza ilikatika mkononi mwa sista.

Akina mama wanne na baba mmoja walikaa kwenye benchi. Nilianza kueleza vyumba na nafasi za nje, nikaona macho yanatangatanga, nikanyamaza na kuiacha dripu idondoke. Puto lilipovimba mmoja alishika kichwa cha mwanawe bila kujijua.

Sista akamwita aje kuvuta kamba mwenyewe. Akavuta. Maji yakakimbia, puto likanywea nusu, likabaki hapo. Alilitazama kwa muda, akaniuliza, "Na hii nusu iliyobaki?"

Nikamwonyesha koki. Akaikaza kwa vidole viwili, pole pole, kama anayepunguza moto wa jiko.