Kumbukumbu ya darubini: kusinki sasa kuna masharti

Programu yangu ya kuendesha darubini sasa inaongea na stendi inayoibeba bila kukatika. Raspberry Pi, kompyuta ndogo, imeunganishwa kwa waya wa siriali na NexStar, rimoti ya stendi, kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Programu, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ikituma herufi «e», rimoti inajibu mahali darubini inapotazama kwa tarakimu za heksadesimali (za mfumo wa 16) na kufunga jibu kwa alama ya #. «E» kubwa hufanya kazi hiyohiyo kwa tarakimu chache, lakini hatua yake ndogo kabisa ni kama sekunde 20 za digrii (digrii moja ni dakika 60, dakika moja ni sekunde 60), kwa hiyo nimeiacha. «r» inapeleka darubini, «L» inauliza kama bado inatembea, na «s» inasinki, yaani inaiambia stendi kwamba inapotazama sasa ndipo ilipo nyota fulani. Skrini haiandiki «tumefika» mpaka L ijibu 0 na e ithibitishe mahali. Amri kupokewa ni jambo moja, kutekelezwa ni jingine.

Wanaouliza kwa nini sikutumia stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga: hapa Dodoma ncha ya kusini ya anga iko digrii 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na mapaa ya majirani, na Sigma Octantis iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Stendi ya kwenda juu-chini na kulia-kushoto inatosha.

Kilichonishughulisha zaidi ni jaribio la nyota mbili. Stendi ilikuwa imeshapangwa vizuri kwa rimoti. Nikaituma kwa programu hadi Canopus, ile Suheli ya mabaharia, ikaingia karibu katikati. Baadaye usiku, Antares ikiwa imepanda, nikaituma huko: kwenye lenzi ya jicho ya milimita 10 hakuna kitu. Gia mbovu haichagui nyota ya kukosea namna hiyo. Tatizo lilikuwa kwenye namba zenyewe.

Orodha ya nyota ninayotumia imeandikwa kwa anga la mwaka 2000, ilhali stendi hupokea viwianishi (namba za mahali nyota ilipo angani) vya leo. Mhimili wa Dunia unayumba kama pia ya kuchezea, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na kuyumba huko kunasogeza viwianishi sekunde 50 hivi za digrii kila mwaka. Kwa miaka 25 ni dakika 21, theluthi mbili ya upana wa Mwezi. Antares iko karibu na njia ya Jua, hivyo inabeba kosa lote. Canopus iko mbali sana na njia hiyo, na kwake kosa ni dakika 5 tu. Ndiyo maana ilionekana sawa.

Njia ya mkato ni kuileta Antares katikati kwa mkono, kisha kusinki. Siipendi. Inaitibu Antares na kuiharibu Canopus, halafu unashinda usiku kucha ukisinki kila nyota. Sasa Astropy, maktaba ya Python ya mambo ya anga, inageuza viwianishi kuwa vya leo kabla ya «r» na kabla ya «s», na nyota zote mbili zinaingia. Wenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, watakuta chaguo hilohilo kwenye mipangilio ya darubini: J2000 (anga la mwaka 2000) au JNow (la leo).

Kusinki kwenyewe nimekuwekea masharti. Programu inakataa nyota iliyo chini ya digrii 20 juu ya upeo, kwa sababu hewa inapinda mwanga: kwenye kimo cha digrii 10 nyota inaonekana dakika 5 juu ya mahali pake. Inakataa pia iliyo juu ya digrii 70. Karibu na ikweta sharti hili si la mapambo, maana sayari nyingi hupita karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa. Nyota ikiwa digrii 2 kutoka utosini, ukiikosa katikati kwa dakika 5 upande wa mzunguko, stendi inajifunza kosa la zaidi ya digrii 2 za kulia-kushoto, na inalibeba kila inakokwenda. Tofauti kati ya mahali stendi inapodhani inatazama na mahali pa nyota ikizidi digrii 1, programu inauliza kwanza. Mara nyingi umelenga nyota nyingine.

Saa inatoka kwenye GPS, na ndani ya programu kila kitu ni UTC, saa ya dunia nzima. Rimoti inapewa saa, haiulizwi.

Kinachofuata ni kamera, na Astrometry.net, programu inayotambua nyota kwenye picha, yenye faili zake za anga ndani ya Pi bila intaneti, ili «s» itumwe kutokana na picha iliyotambuliwa badala ya jicho langu kwenye lenzi. Nikifika hapo, sharti la digrii 70 litabaki. Kukadiria katikati kwa jicho ndiko nitakakoacha.