Sanchin: kata ya hatua tatu inayowashinda wengi

Sanchin ni kata ya karate, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, na maana yake ni vita vitatu. Haina teke, haina kuruka, na hatua za kusonga mbele ni tatu tu. Ndiyo maana wengi huipuuza, na ndiyo maana makosa yake hukaa mwilini miaka mingi.

Ilivuka bahari kutoka China. Higaonna Kanryo (1853–1915), mwenyeji wa Naha kisiwani Okinawa, Japani, alijifunzia Fuzhou, jimbo la Fujian. Mwanafunzi wake Miyagi Chojun (1888–1953) ndiye aliyeanzisha Goju-ryu, mtindo wa ugumu na ulaini. Uechi Kanbun naye alikwenda Fuzhou mwaka 1897, na mtindo wake, Uechi-ryu, hufanya sanchin kwa viganja wazi. Goju-ryu hufunga ngumi. Mikono imetofautiana, lakini misimamo bado ni ya ukoo mmoja: mifupi, ya kupigana karibu, viwiko vikilinda mbavu. Aliyezoea Shotokan, mtindo mwingine wa karate wenye asili ya Shuri, pia Okinawa, na misimamo mirefu, huona kama amefungwa kamba.

Simama miguu ikiwa na upana wa mabega. Kisigino cha mguu wa mbele kiwe kwenye mstari mmoja na vidole vya mguu wa nyuma. Geuza vidole ndani kidogo, kunja magoti kiasi, gawa uzito nusu kwa nusu. Kisha vuta mkia wa mgongo chini na mbele, kinena kiinuke kidogo. Hapa ndipo msimamo wote unaposhikana; ukikosea nyonga, hata mikono ikipendeza haina maana. Ngumi zifike usawa wa mabega, kila kiwiko kiwe umbali wa ngumi moja kutoka ubavuni.

Unapopiga hatua, mguu husogea kwa upinde: unaingia karibu na mwenzake, kisha unatoka nje. Unyayo usinyanyuke, na kichwa kisipande wala kushuka. Pumzi huingia puani wakati mkono unarudi, hutoka mdomoni wakati ngumi inakwenda.

Kosa la kwanza ni mabega kupanda. Mtu akiambiwa akaze mwili huanzia shingoni, wakati anatakiwa kukaza chini ya kwapa na tumboni. Mabega yakipanda, pumzi hubaki kifuani na ngumi hupoteza uzito. La pili ni kusukuma magoti ndani ili vidole vigeuke. Mzunguko utoke kwenye nyonga, la sivyo goti litauma. La tatu ni hatari zaidi: kuziba koo na kubana pumzi huku mwili umekazwa. Uso hubadilika kuwa mwekundu, mishipa ya shingo hutokeza, shinikizo la damu hupanda ghafla. Mwenye shinikizo la juu la damu asifanye sanchin ya kukaza. Afanye kwa ulaini, akipumua kawaida.

Kuna pia shime, pale mwalimu anapompiga mwanafunzi kwa viganja mabegani, mgongoni na mapajani. Lengo lake ni kukagua: msuli gani umelala, mguu gani unayumba. Anayepiga kwa nguvu mgeni wa mwezi mmoja anamfundisha kukaza mabega, kosa lile lile la kwanza.